Waifai ya nyumbani: Ukipewa ufunguo wa kufunga tovuti, utamfungia nani?

Kila nyumba yenye waifai ina fundi wake. Hakusomea, hana cheti, na mara nyingi ni kitinda mimba ama yule aliyemaliza Kidato cha Nne juzi. Ndiye anayeitwa intaneti ikikwama, ndiye anayejua nenosiri, ndiye anayezima ruta na kuiwasha tena huku familia nzima ikimtazama kama watu wanaongoja stima irudi. Siku hizi fundi huyo amepewa kazi nyingine. Mzazi anamwambia: "Hizo tovuti mbaya, zifunge. Zote. Nyumba nzima."

Mimi nimepokea agizo hilo mara mbili. La kwanza lilitoka kwa mama, kwa sababu wadogo zangu wawili walikuwa wamefunga shule na kutwa nzima macho yako kwenye skrini. La pili lilitoka kwa kaka yangu mkubwa, usiku, wengine wakiwa wamelala, na hakuwa anazungumzia watoto. Alitaka nifunge tovuti za kubeti. "Hata nikikuomba baadaye unifungulie, kataa," aliniambia. Ruta ilikuwa ile ile na kazi yenyewe haikuzidi dakika kumi. Ila kizuizi kimoja kilishika na kingine kikavuja, na sababu haikuwa ya kiufundi.

Nayaandika haya kwa sababu habari ya kufunga tovuti imekuwa mjadala wa taifa. Oktoba 15, 2025, Rais William Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018. Marekebisho hayo yanaipa kamati ya serikali, ile inayojulikana kama NC4, uwezo wa kuagiza tovuti ama programu ifungwe ikithibitishwa kwamba inaendeleza vitendo haramu, maudhui ya ngono yanayohusu watoto, ugaidi, ama itikadi kali za kidini. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda vifungu kadhaa, lakini hivyo vilikuwa vya unyanyasaji wa mtandaoni. Wengi walisoma vichwa vya habari wakadhani sheria yote imelazwa.

Watu wamejadili serikali sana, na ni haki yao. Ila serikali si peke yake inayofunga. Mzazi anafunga. Meneja wa ofisi anafunga. Mwenye ploti anayesambazia wapangaji waifai anaweza kufunga asubuhi moja bila kumwambia mtu. Wote hao wanatumia mbinu zinazofanana na wote wanakwama mahali pamoja. Kwa hivyo ukielewa ruta ya sebuleni, umeelewa sehemu kubwa ya mjadala wa kitaifa.

Mbinu yenyewe ni rahisi. Simu yako haiijui tovuti kwa jina, inaijua kwa namba, ile anwani ya IP. Ukiandika jina, simu inaiuliza kwanza seva fulani: huyu namba yake ni gani? Seva hiyo ndiyo inayoitwa DNS. Ni kama wewe na namba ya mama mboga. Huikumbuki, unatafuta jina lake kwenye simu ndipo unapiga. Kufunga tovuti kwa DNS ni kulifuta jina hilo kwenye orodha, ama kulipa namba isiyoenda popote. Tovuti haijaguswa. Iko pale pale ilipokuwa, ni vile tu hakuna wa kukuelekeza.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hushiki simu ya mtu. Unabadilisha mahali pamoja, kwenye ruta, na kila kifaa kinachounganishwa kinafuata: simu, kompyuta, televisheni, hata simu ya mgeni aliyekuja mazishi. Ruta nyingi utazifikia kwa kuandika 192.168.1.1 ama 192.168.100.1 kwenye brauza. Zikikataa, igeuze ruta usome kibandiko cha chini. Ukishaingia, jambo la kwanza si DNS. Ni kubadilisha nenosiri la msimamizi, lile la kuingilia kwenye setingi. Watu wengi hulichanganya na nenosiri la waifai, na ndiyo maana nyumba nyingi bado zina lile lililokuja na ruta kutoka kiwandani. Ukiliacha hivyo, kijana wa miaka 12 atafungua kila ulichofunga kabla chai haijapoa.

Halafu tafuta sehemu ya DHCP ama DNS, ondoa namba zilizomo na uweke 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Hizi ni za Cloudflare, hazilipiwi, na zinafunga tovuti za ngono pamoja na zile zinazosambaza virusi. OpenDNS nayo ina 208.67.222.123 na 208.67.220.123 kwa kazi inayokaribiana. Kama ruta yako inatoa pia anwani za IPv6, badilisha DNS ya upande huo vilevile, la sivyo umefunga mlango wa mbele na kuacha wa jikoni wazi. Izime ruta, iwashe, kisha ujaribu. Ruta nyingine zinazotoka kwa kampuni ya intaneti zimefungiwa sehemu hii na hapo itabidi uwapigie, ama uunganishe ruta yako mwenyewe nyuma ya yao.

Kuna kisanduku kwenye ruta nyingi kinachokuomba uandike anwani ama maneno ya kuzuia. Usipoteze jioni yako hapo. Kilitengenezwa enzi tovuti nyingi zilipokuwa zikipita wazi kwa http. Leo karibu zote ni https, mazungumzo yamefumbwa, na ruta haioni unasoma ukurasa gani. Kwa kawaida inachoambulia ni jina la tovuti tu. Ndiyo maana pia huwezi kufunga video moja ya TikTok ama chaneli moja ya YouTube kwa njia hii. Ni tovuti nzima ama hakuna.

Agizo la mama niliishia hapo. Agizo la kaka lilinipeleka mbali zaidi, kwa sababu zile namba za familia hazifungi kamari. Kwao kamari si uchafu. Kwa sheria ya Kenya pia si haramu, mradi kampuni iwe na leseni na anayecheza awe ametimiza miaka 18. Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huo Rais akatia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari. Hakuna kati ya hayo lililosema tovuti za kampuni zenye leseni zifungwe, na kwa kodi zinazotoka huko sitarajii. Kwa hivyo mtu anayetaka kuacha kubeti hawezi kuingoja serikali imfungie. Atafungiwa nyumbani ama hatafungiwa.

Kwa hilo unahitaji huduma inayokuruhusu kuchagua aina ya tovuti. NextDNS ni mojawapo: unafungua akaunti, unabonyeza kamari, umemaliza. Bila malipo inakupa maswali 300,000 kwa mwezi. Inasikika nyingi, lakini simu moja inauliza mara nyingi sana kwa siku, na familia ya watu sita inaweza kuzimaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Zikiisha, intaneti haikatiki, ila kizuizi kinalala hadi mwezi uishe. Nyingine ni Pi-hole, programu ya bure unayoiweka kwenye kompyuta kuukuu ama kale kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi. Unaipa orodha za tovuti za kubeti ambazo watu hujitolea kuzikusanya, nayo inakaa nyumbani kwako ikijibu maswali ya kila kifaa. Hiyo haina kikomo cha mwezi. Inataka tu stima, na stima ikipotea mashine ikakataa kuwaka, nyumba nzima itakuja kugonga mlango wako.

Hapa kuna jambo ambalo video za mafunzo za YouTube, nyingi zikitoka Marekani, hazikwambii. Huduma za DNS zenye akaunti, ukiziweka kwa kubadilisha namba tu kwenye ruta, hukutambua kwa anwani ya IP ya nyumba yako. Wanaona swali limetoka anwani fulani, wanasema ah, huyu ni fulani, amefunga kamari. Sasa kampuni nyingi za intaneti huku kwetu hazimpi kila mteja anwani yake. Zinawaunganisha wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo anwani unayodhani ni yako inatumiwa pia na watu usiowajua wa mtaa mwingine, na kesho inaweza kuwa nyingine kabisa. Kizuizi kinafanya kazi Jumatatu, Jumatano kimepotea, unaanza kujilaumu. Mimi nilipoteza wikendi mbili kabla ya kung'amua. Dawa ni kutumia Pi-hole ndani ya nyumba, ama kuweka ile huduma kwenye kifaa chenyewe badala ya ruta.

Njia hiyo ya kifaa ndiyo ningeianza kama ningejua mapema. Simu za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu kwenye setingi za mtandao inayoitwa Private DNS. Unaandika jina la seva, kwa mfano family.cloudflare-dns.com, ama lile jina refu ambalo NextDNS hukupa wewe peke yako. Tangu hapo kizuizi kinaifuata simu popote: kwa waifai ya nyumbani, kwa waifai ya mkahawa, na kwa data ya laini. Hilo la mwisho ndilo kubwa kwetu. Vijana wengi Kenya hawaishi kwenye waifai, wanaishi kwenye bando. Kufunga ruta na kusahau bando ni kama kuweka askari kwenye geti la ploti isiyo na ukuta.

Sasa turudi kwa wadogo zangu. Wa kwanza ana miaka minane. Kwake kizuizi cha ruta kilifanya kazi vizuri kabisa, kwa sababu yeye hakuwa anatafuta uchafu. Uchafu ndio uliokuwa unamtafuta, kupitia matangazo ya michezo ya bure na video zinazojifungulia zenyewe. Mtoto kama huyo hahitaji ngome. Anahitaji tu mlango ambao haujifungui ovyo.

Wa pili ana miaka 16. Kwake kizuizi kilidumu siku tatu. Siku ya nne nilimkuta na VPN kwenye simu, aliyoonyeshwa na mwenzake wa shule. VPN huchukua maswali yote ya simu, pamoja na ya DNS, ikayapitisha kwenye njia iliyofumbwa hadi kwa seva ya nchi nyingine, na ruta yako inabaki kutazama bahasha iliyofungwa. Angeweza pia kubadilisha DNS kwenye simu yake, kuwasha DNS iliyofumbwa ndani ya brauza, ama kununua bando la siku kwa pesa ya mandazi. Ruta ya ofisini yenye uwezo inaweza kupunguza mianya hii kwa kulazimisha maswali yote ya mlango wa 53 yapitie seva yako na kufunga mlango wa 853. Lakini DNS ya brauza hupita kwenye mlango wa 443, ule ule unaobeba karibu kila tovuti duniani, na huo huwezi kuufunga ukabaki na intaneti.

Kilichonitia wasiwasi zaidi si kwamba alikwepa. Ni VPN aliyoitumia. Ilikuwa ya bure, ya kampuni isiyosema iko nchi gani, na alikuwa amepitishia humo kila kitu, hadi barua pepe yake. Kwa kumfungia tovuti kumi tulikuwa tumemsukuma aipe kampuni asiyoijua nafasi ya kuona kila tovuti anayofungua. Nilimwambia mama. Alinyamaza, kisha akasema, "Basi mimi nitaongea naye." Waliongea nini sijui, na sikuuliza. VPN niliiona imetoka kwenye simu wiki iliyofuata. Bila shaka anaweza kuirudisha wakati wowote, na sote watatu tunajua.

Hali ya kaka ilikuwa kinyume. Kwa hesabu ya kiufundi, kizuizi chake kilikuwa dhaifu kuliko vyote. Yeye ni mtu mzima, simu ni yake, bando analinunua mwenyewe. Kampuni kadhaa za kubeti hupokea dau hata kwa SMS, na SMS haina habari na DNS. Ila yeye ndiye aliyeomba. Alichotaka si kufungiwa milele. Alitaka zile dakika chache kati ya kutamani na kubonyeza ziongezeke. Saa sita usiku, baada ya mechi, mkono unaenda wenyewe. Ukikuta ukurasa mtupu, kichwa kinapata nafasi ya kusema neno. Nilimwekea Private DNS kwenye simu, tukafuta programu za kubeti, akaziandikia kampuni zifunge akaunti zake, na nenosiri la NextDNS likabaki kwangu. Siku anataka kuondoa ile setingi ni bomba mbili tatu za kidole, hilo tulikubaliana wazi. Hajaiondoa.

Kwa hivyo nimeacha kuamini kwamba kizuizi ni kufuli. Kinamsaidia anayejikwaa na kinamsaidia aliyeomba. Aliyeazimia kupita hapiti kwa shida sana, na kila ukikaza unamsukuma kwenye njia mbaya zaidi.

Kuna pia wale wanaofungiwa bila kosa. Mwishoni mwa 2013 BBC iliripoti kwamba vichujio vya kampuni kubwa za intaneti Uingereza vilikuwa vimezuia tovuti za elimu ya ngono na za kusaidia waathiriwa wa ubakaji, huku baadhi ya tovuti za ngono zenyewe zikipita. Cloudflare nao, walipozindua hizo 1.1.1.3 Aprili 2020, walifunga kimakosa tovuti ambazo hazikuwa za ngono hata kidogo, wakaomba radhi na kurekebisha. Kichujio hakielewi, kinalinganisha na orodha tu. Fikiria msichana wa miaka 17 anayetafuta habari za hedhi iliyochelewa, ama kijana anayetaka kujua PEP hutolewa ndani ya saa ngapi (ni 72), akakuta ukurasa mtupu. Hatamwendea baba kumwambia kichujio kimekosea.

Na akiupata ukurasa, kuna swali la nani mwingine ameona. Hili mafundi wa nyumbani hatulizungumzi kabisa. Pi-hole na NextDNS, usipobadilisha kitu, huandika kila jina lililoulizwa. Pi-hole huonyesha hata ni kifaa gani kiliuliza na saa ngapi. Wiki ya kwanza nilifungua ukurasa ule kuangalia kama kizuizi kinafanya kazi, na ndani ya dakika moja nilijua mambo ya jamaa zangu ambayo sikupaswa kuyajua. Sikusoma ujumbe wa mtu. Majina ya tovuti yalitosha. Nani anatafuta kazi nyingine, nani ana ugonjwa gani, nani haamki kwa sababu halali. Niliizima rekodi hiyo. Pi-hole ina viwango vya faragha hadi 3, NextDNS ina swichi ya kuzima rekodi kabisa. Kizuizi kinaendelea vile vile bila rekodi, hakihitaji kukumbuka ili kifanye kazi.

Nyumbani, hakuna atakayekushtaki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haigusi shughuli za kibinafsi za ndani ya nyumba. Ofisini mambo ni tofauti. Mwajiri anayehifadhi rekodi za tovuti ambazo wafanyakazi wamezitembelea anashughulika na data ya watu, na anatakiwa kuwaambia anakusanya nini na kwa nini. Kufunga Netflix saa za kazi kwa sababu intaneti ni ndogo na mhasibu anashindwa kutuma ripoti ya kodi, hakuna mwenye akili atakayelalamika. Kukaa na orodha ya nani alitembelea tovuti ya chama cha wafanyakazi ni habari nyingine.

Ploti ndiyo inayonisumbua zaidi. Katika mitaa mingi ya Nairobi mtu mmoja hulipia laini ya faiba, akaweka visambazaji kwenye paa, akawauzia majirani kwa shilingi chache kwa saa ama kwa mwezi. Ni biashara nzuri na imewapa wengi intaneti ambayo hawangeipata. Lakini huyo mtu mmoja ndiye anayechagua DNS ya nyumba 40. Anaweza kufunga tovuti za ngono kwa sababu ya imani yake, ama tovuti ya mshindani wake. Kama hajazima rekodi, ana shajara ya mtaa mzima. Mpangaji hajasaini chochote, amepewa nenosiri kwenye karatasi. Ukiwa hapo, weka Private DNS kwenye simu yako na yeye hataona tena maswali yako ya DNS.

Na ukipanda kutoka ploti hadi taifa, unakuta ukuta ule ule. Novemba 2023, KCSE ikiendelea, watumiaji wa Telegram nchini walijikuta hawawezi kuitumia. Mwaka uliofuata Mamlaka ya Mawasiliano, CA, iliziagiza kwa barua kampuni za simu zisimamishe Telegram saa za mtihani, kwa sababu ya vikundi vinavyouza karatasi za mtihani. Nia ilikuwa nzuri, sikatai. Wizi wa mitihani unaumiza yule aliyesoma. Lakini Telegram ilifungwa kwa daktari, kwa mfanyabiashara, kwa mtu aliyemaliza shule miaka 20 iliyopita, wakati walionunua karatasi walikuwa na VPN kwenye simu. Walioumia zaidi ni wale waliotii.

Tofauti kati ya NC4 na sebule ya kwetu si teknolojia. Mimi kaka aliniomba. Mama ana haki juu ya mtoto wa miaka minane, na hata kwa wa 16 alilazimika kukaa chini aongee. Serikali haimjui anayejikwaa wala anayeomba, inatuona sote kama yule wa 16, tena bila yale mazungumzo. Sheria inasema "ikithibitishwa". Wakosoaji wameuliza ithibitishwe mbele ya nani, na swali hilo ni halali hata kama tovuti inayozungumziwa ni ile ambayo mimi na wewe tungependa ifungwe leo. Picha za watoto wanaodhulumiwa zifungwe, sina ubishi, na waliozipiga washikwe. Ila kati ya hizo na "vitendo haramu" kuna uwanja mkubwa. Katika uwanja huo huo, Juni 25, 2024, waandamanaji wakiwa barabarani, intaneti ilidhoofika nchini na kampuni za simu zikataja nyaya za chini ya bahari.

Basi wewe fundi wa nyumba, ukiagizwa, uliza kwanza ni kwa ajili ya nani, na mwenyewe anajua? Waambie wote wanaotumia waifai hiyo kilichofungwa ni nini. Mtu mmoja awe wa kuambiwa kichujio kikikosea, na asiulize kwa nini unataka tovuti hiyo. Zima rekodi. Andika nenosiri la msimamizi mahali ambapo mzazi analipata siku ukienda chuo, kwa sababu nimeona nyumba ikikaa muhula mzima na DNS mbovu huku aliyeiweka akiwa Eldoret hashiki simu.

Wiki jana kaka alinijia tena. Nilidhani siku imefika. Kumbe ile orodha ya kamari imefunga pia tovuti anayoangalia matokeo ya ligi, kwa sababu pembeni ina matangazo ya kubeti. Alitaka matokeo tu. Tulikaa tukaiangalia pamoja kwenye simu yangu, matangazo yote yakimeremeta pale kando, na baada ya muda akasema tuiache ilivyo, matokeo atakuwa akiniuliza mimi.